Uzi wa Kahawia

Seva ni neno kubwa.
Yetu ni kompyuta ya ofisi iliyouzwa kwa mnada,
imelala chini ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma,
hapa Ipagala, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga.
Ndani yake nimeweka harusi ya Chilewa,
urefu wake saa tatu na ushei, iliyopigwa Mvumi
na kijana mwenye kamera ya bei ya ng'ombe wanne.
Picha safi, hadi vumbi unalihesabu kwenye kope za bibi harusi.

Jumapili tukaketi. Bibi Mbeleje mbele kabisa,
juu ya kigoda chake, miwani kwenye kamba.
Dakika ya sita, ikaganda.
Kaduara kale katikati ya kioo,
kanazunguka kama mbuzi kwenye kigingi.

"Bando limeisha," akasema shemeji Masinga,
ambaye kila ugonjwa duniani kwake ni bando.
Shemeji, harusi imo humu humu ndani,
haipandi mnara wowote.
Utachotaje maji ya mtungi wako
halafu uilaumu idara ya maji?
Hakunisadiki. Akatoka kununua vocha.

Nikashuku joto. Nikafungua kifuniko:
feni imevaa koti la vumbi jekundu,
vumbi letu la Agosti, linaloingia hata kwenye sukari iliyofungwa.
Nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli.
Mashine ikahema vizuri.
Harusi ikaganda dakika ya nane.

Nikaangalia kazi inayofanya.
Maskini, ilikuwa inashona.
Runinga yetu haitambui mavazi ya kamera ile,
basi kila picha inavuliwa nguo mlangoni na kuvishwa nyingine,
picha ishirini na tano kwa sekunde,
na fundi cherehani ni mmoja, mzee.
Nikamwachia usiku kucha azishone zote kwa mkupuo.
Alfajiri alikuwa amemaliza.
Jioni ikaganda. Dakika ya kumi na moja.

Ndahani, anayelima zabibu Hombolo, akanicheka:
"Matone yasipofika mstari wa mwisho
mimi silaumu tangi. Natembea na bomba."

Nikatembea na bomba.
Waifai ilikuwa inapenya kuta mbili za tofali na friji,
huku mtaa mzima unapiga kelele juu ya mawimbi yaleyale.
Nikapanda darini na waya, mita kumi na nane,
buibui, mavi ya popo, msumari uliokula shati.
Nikabana ncha: nyuzi nane, rangi nane.
Taa ikawaka chungwa. Nilitaka kijani.
Ikaganda dakika ya arobaini, pale keki inapokatwa.

Uzi mmoja, wa kahawia, haukugusa chuma.
Upungufu wa unywele.
Kwa huo tu, njia ya megabiti elfu ilikuwa ya mia.
Nikakata, nikarudia, tochi mdomoni, mate yakinichuruzika.
Kijani.

Jumapili ya pili harusi ikatiririka,
haikusita hata kwenye vifijo.
Masinga akapiga makofi: bando jipya hilo!
Mimi nikamtazama Bibi. Kimya.

Ndipo nikakumbuka. Wiki ile, kila ilipoganda,
alisogea hadi kwenye kioo akaweka kidole:
huyu mtoto wa Mandia, tuliyehama naye mwaka wa operesheni;
huyu anatembea kama babake, na babake
alikufa na deni letu la mbuzi.
Sasa nyuso zinapita kama treni mpya isiyosimama kwetu.

"Umeiharibu," akasema taratibu.
"Ilikuwa inaningoja."

Nikaleta rangi ya kucha, nikatia tone jekundu
kwenye kitufe kimoja cha rimoti,
nikamwekea kiganjani.
Akabonyeza kama anayejaribu kama embe limeiva.
Harusi ikasimama. Hakuna kaduara.
Akakohoa, akanyoosha kidole.

Saa tatu na ushei.
Tuliimaliza Alhamisi.